Nyumba Nzima Kipande Kimoja

Fundi makochi wa ghorofa ya tatu walimwita Punguza, na wala hawakumwonea. Jina alilitafuta kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu huyu, jamani, hakuwahi maishani mwake kulipa bei ya kwanza. Akinunua kiberiti, anauliza kama njiti zilizokatika vichwa zimetolewa kwenye hesabu. Siku alipoumwa jino alimuuliza daktari kama kuling'oa nusu ni nusu bei. Daktari akacheka. Punguza hakucheka, alikuwa anangoja jibu.

Hakuwa bahili, msije mkanielewa vibaya. Mkewe hakulala njaa hata siku moja, na binti yao alisomeshwa mpaka akamaliza, akaolewa, akaondoka na shela ya maana. Ugonjwa wa Punguza ulikuwa mmoja tu: aliogopa kupunjwa. Akihisi kapunjwa hata kidogo, usingizi unapaa, anageuka kitandani mpaka shuka linamfunga miguu. Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke mtulivu ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walianzia mikononi mwake, na alikwisha kumzoea. Akitaka kununua kitu upesi, alikwenda peke yake, akirudi anadanganya bei. Hivyo ndivyo ndoa yao ilivyodumu kwa amani.

Basi mkunga akahamishwa kikazi. Kituo kipya cha afya kilikuwa kimefunguliwa katika mji mwingine, mwendo wa karibu kutwa nzima kwa lori, na wajawazito wa huko hawakuwa na mtu. Nyuma ya kituo palikuwa na nyumba ndogo ya mfanyakazi, vyumba viwili, haina kodi, ila haina hata kigoda. Fundi makochi naye hakuwa na sababu ya kung'ang'ania alipo. Makochi yako kila mji, na kila mji yanachanika. Wakakubaliana mke atangulie na sanduku moja, maana uchungu wa uzazi haumngoji mtu, na mume atafute kampuni ya kuhamisha mizigo, afuate na vyombo.

"Wiki moja," alisema Punguza wakati anamsindikiza stendi.

"Moja kweli?" mkewe akamtazama. "Mume wangu, nakujua. Usianze."

"Naanza nini? Nitauliza bei mbili tatu, nitachukua ya maana, nakuja."

"Uliza mbili. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokumaliza."

Kampuni ya kwanza ilimtuma mkadiriaji, bwana mrefu asiye na maneno mengi, tepu ya kupimia imening'inia kiunoni. Alieleza kwamba wao hutoza kwa nafasi. Mzigo ukijaza robo ya lori, unalipa robo. Ukijaza nusu, unalipa nusu. Akaanza kupima, na Punguza nyuma yake hatua kwa hatua, mikono mgongoni, shingo mbele. Wakapima kochi, wakapima kabati. Walipofika kwenye meza ya kulia chakula, mkadiriaji akapima urefu, akapima upana, kisha akaishusha tepu mpaka sakafuni.

"Hapo chini kuna nini?" akauliza Punguza.

"Wapi?"

"Hapo uliposhushia tepu. Chini ya meza."

"Hakuna kitu."

"Na unakitoza?"

Mkadiriaji akakuna kisogo. "Mzee, nafasi ile ikishashikwa na meza yako, mimi siwezi tena kumuuzia mtu mwingine."

"Kwa hiyo nahamisha hewa kwa pesa zangu. Huko ninakokwenda hawana hewa?"

Bwana yule akakunja tepu. Alikuwa na mambo mengine ya kusema, na aliyasema kwa upole, kama daktari anayemtajia mgonjwa maradhi yake moja baada ya jingine. Kulikuwa na gharama ya ngazi, na kila ghorofa bei yake. Kulikuwa na kona ya ngazi, kwa sababu ilikuwa nyembamba na ingewachelewesha wabebaji. Kulikuwa na umbali kutoka mlango wa jengo hadi lori linapoweza kuegeshwa. Vioo hufungwa kwa malipo. Bima ni hiari, ila asiyeikata asije kulia. Yote yakajumlishwa, jumla ikatajwa.

"Punguza," akasema fundi makochi.

"Mimi sipunguzi bei, mzee. Wewe punguza mzigo, bei itapungua yenyewe."

Jamani! Kuna watu hawafai kuambiwa maneno ya namna hiyo. Mtu mwingine angeelewa kwamba agawe viti viwili vibovu na ndoo iliyotoboka. Punguza aliyekuwa mbele yake hapo alikuwa mtu ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kufumua makochi. Mkadiriaji hajafika chini ya ngazi, bisibisi ilikuwa mkononi.

Alianza na kochi kubwa. Akavua kitambaa, akang'oa sponji, akachomoa springi moja moja, akalaza mbao. Akahamia kwenye viti. Akalitenganisha kabati, akakunja kitanda, akaikata meza miguu kwa furaha isiyo ya kawaida, maana meza isiyo na miguu haina chini. Ikabaki sponji, ambayo kila akiifunga kamba ilivimba upande wa pili. Hapo akamwita shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wake mkunga, alikuwa kinyozi, na tangu zamani alizoea kuja kula kwa dada yake. Dada alipoondoka, yeye aliendelea kuja, labda miguu ilikuwa haijapewa taarifa.

"Shemeji, kalia hapa," akasema Punguza.

"Nimekaa."

"Kaa kwa uzito! Unakaa kama mtu anayetaka kwenda zake."

"Kweli nataka kwenda zangu," akasema kinyozi, huku sponji ikitoa pumzi chini yake. "Shemeji, dada alisema wiki moja. Hii ni ya ngapi?"

"Shikilia kamba."

"Unalala wapi siku hizi?"

"Sakafuni. Nimeambiwa ni pazuri kwa mgongo. Shikilia kamba, bwana!"

Mkadiriaji aliporudi hakuamini macho yake. Nyumba nzima ilikuwa imesimama kwenye pembe moja ya sebule, imefungwa kamba, nyembamba kama mgonjwa. Akapima. Bwana yule alikuwa mwaminifu, na bei ikashuka mpaka nusu. Haki ya Mungu, nusu! Mtu mwenye akili zake angemshika mkono, akalipa, akapanda lori, na mimi nisingekuwa na la kuhadithia. Lakini Punguza alipoisikia ile nusu, badala ya kufurahi alihuzunika. Ikiwa kampuni hii inaweza kutoa nusu, aliwaza, basi iko mahali fulani kampuni inayotoa robo, na mimi hapa nakaribia kupunjwa robo nzima. Akamwambia bwana yule atamjulisha.

Mkewe akapiga simu jioni hiyo. Alikuwa amezalisha mapacha na sauti ilikuwa imemkauka kwa uchovu. "Umepata gari?"

"Nimepata nusu bei."

"Alhamdulillahi. Unakuja lini?"

"Naangalia kidogo kama kuna ya chini zaidi."

"Mimi huku nakalia sanduku," akasema mkunga. "Leo limebonyea."

"Usilikalie katikati. Kalia pembeni, kwenye fremu."

Mkewe akakata simu bila kuaga, na Punguza akadhani ni mtandao.

Kampuni ya pili ikamleta mama mnene mchangamfu, miwani imefungwa kamba shingoni, na mkononi ana kijidude cha chuma cha kuhesabia, ukikibonyeza kinalia tik. Hawa hawakujali nafasi. Walitoza kwa kipande. Kiwe kikubwa, kiwe kidogo, kipande ni kipande, bei ni ile ile. Mama akavaa miwani, akaitazama ile pembe ya sebule, akaanza. Ubao, tik. Ubao, tik. Mguu wa meza, tik. Springi, tik tik tik tik. Baada ya muda akabadilisha kidole. Baadaye kidogo akaomba maji, akanywa, akaendelea. Kinyozi aliyekuwa amekaa dirishani alianza kucheka kimyakimya, mabega yanamtetemeka.

Bei ilipotajwa, Punguza alidhani mama ametaja namba ya simu.

"Pole baba," akasema mama, na kweli alimwonea huruma. "Ungekuwa na kochi, lingekuwa kipande kimoja. Mimi hapa kidole kimeniuma, na kochi lenyewe silioni."

"Kochi zima ni kipande kimoja?"

"Kimoja."

"Hata liwe kubwa?"

"Liwe kubwa vipi, kwani ni uwanja?"

Punguza akanyamaza, na kinyozi akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa anaijua ile namna ya kunyamaza.

"Na kochi likiwa limeungana na meza?" akauliza Punguza polepole.

"Limeungana namna gani?"

"Limeungana. Skrubu na gundi. Hutenganishi."

Mama akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, asiyependa kumnyima mteja haki yake. "Utaratibu wetu ni mmoja," akasema. "Kinachonyanyuka pamoja ni kipande kimoja."

"Shemeji, usifanye," akasema kinyozi. Lakini alikuwa anasema na mgongo, mwenye mgongo tayari alikuwa anatafuta gundi.

Sasa hapo ndipo ufundi ulipoonekana, na tusimnyime mtu sifa yake. Kochi likajengwa upya, likafanywa msingi. Kabati likalazwa nyuma yake, likapigwa skrubu. Kitanda kikawa juu ya kabati. Meza ikarudishiwa miguu, ikapinduliwa, ikakumbatiana na kitanda. Viti vikaning'inia ubavuni kama watoto waliomng'ang'ania mama yao. Sahani akazipanga ndani ya mito ya kochi na kuzishonea humo. Vikombe akavizungushia soksi, akavitia kwenye sehemu za kuegemea mkono. Nguo zote za nyumbani, mapazia, mashuka, magauni ya mkewe ya sikukuu, zikawa kijazio. Kisha juu ya yote akavuta kitambaa kimoja kikubwa cha kahawia, akakipiga pini vizuri, mishono imenyooka, pembe zimekaa. Lile dude likajaza sebule kutoka ukuta hadi ukuta, na kimo chake kikabakiza nafasi ya mtu kukaa kwa kuinama tu chini ya dari. Majirani wakaja kutazama. Watoto wao wakataka kupanda.

Kinyozi akalizunguka, mahali pa kuzunguka palipokuwapo, mahali pengine akitambaa. "Shemeji," akauliza, "lina mbele?"

"Halihitaji mbele. Ni kipande."

"Na sisi tunakula kwa nini? Sahani si ziko tumboni mwake?"

Wakala kwenye mfuniko wa sufuria, uliosahaulika jikoni, kwa zamu.

Mama wa kampuni ya pili aliporudi, alisimama mlangoni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaligonga lile dude kwa kiganja. Akalisukuma kwa bega. Halikutikisika sehemu sehemu, lilitikisika lote.

"Kipande kimoja," akakiri. Tik.

Punguza alijisikia mwepesi. Siku ile, ukimuuliza, angekwambia ndiyo siku aliyoishinda dunia. Bei ilikuwa ndogo mno, ndogo kuliko nauli ya mtu na mbuzi wake. Akaingiza mkono mfukoni kulipa, na msisahau kwamba huyu ni Punguza, mkono kuingia mfukoni kwa hiari yake.

"Sasa baba," akasema mama akiugeukia mlango aliopitia, "litatokaje?"

Punguza naye akageuka. Alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu binti yao hajaota meno, ameupita mlango ule kutwa mara ngapi, wala hakuwahi kuuona mdogo kiasi kile.

"Mimi bei sibadilishi," mama akaendelea, "kipande nimekikubali kwa mdomo wangu. Ila kuvunja ukuta si kazi yetu. Huko utamwona mwashi."

Na yeye, mtu mzima na mvi zake, akamwona mwashi! Mwashi akaja, akaugonga ukuta, akatoa kichwa dirishani akatazama chini, akataja bei ya kuvunja, bei ya kukodi kreni ya kulishusha lile dude kutoka ghorofa ya tatu, na bei ya kuujenga ukuta upya.

"Na usipoujenga upya?" akauliza Punguza.

"Basi mwenye nyumba atakuwa amepata kibaraza, mzee. Muulize kama anakitaka."

Mwenye nyumba aliulizwa kwa simu. Aliyoyasema hayaandikiki.

Wakati wote huo siku zilikuwa zinakwenda, mwezi ukaingia mwezi, na mkunga alikuwa anapiga simu. Mwanzoni alipiga kila jioni. Halafu akawa anaruka siku. Mwanzoni aligomba, na Punguza alimjibu kwa hesabu. Halafu akaacha kugomba, na Punguza akafurahi akidhani amemwelewa. Jamani wanaume! Mke akiacha kugomba mnafurahi.

Alhamisi moja akapiga mchana, wakati wa mapumziko yake. Sauti haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomfanya Punguza asimame pale alipokuwa.

"Nataka nikwambie kitu," akasema, "na usinijibu bei. Unanisikia?"

"Nakusikia, mke wangu."

"Nimeanza kuzoea."

"Kuzoea nini? Sanduku?"

"Kukaa bila wewe. Mwanzoni nilikuwa nikisikia lori linapita, natoka nje kama mwendawazimu. Siku hizi lori linapita na mimi naendelea kufua. Jana nimepika, nimekula, nimelala, na nilipoamka asubuhi ndipo nikagundua kwamba kutwa nzima sikukukumbuka hata mara moja. Nimeogopa, baba watoto. Nimekaa kwenye godoro la kuazima nimeogopa, moyo unanidunda."

Punguza akaihamishia simu sikio la pili.

"Jumamosi jioni sina zamu," akasema mkewe. "Ukija, umekuja. Ukija baada ya hapo sitakufukuza, wala sitakugombeza. Nitakufungulia mlango, nitakwambia karibu, keti, safari ilikuwaje, utakunywa nini. Kama ninavyowaambia wageni wote. Nasema hivi si kukutisha. Nasema kwa sababu najijua, niko karibu kufika hapo."

Simu ikakatika, na safari hii Punguza alijua kwamba si mtandao.

Alitaka kukaa chini, hapakuwa na kiti. Viti vyote vilikuwa kwenye ubavu wa lile dude. Akalipanda, akafika juu, akajikunyata chini ya dari, shingo imepinda, akashika tama. Akapiga hesabu, maana ndiyo njia pekee aliyokuwa anajua ya kufikiri. Kodi ya nyumba ya miezi ile yote, mtu mmoja kukaa vyumba vitatu. Chakula cha kununua, yeye na kinyozi. Gundi, skrubu, kitambaa, pini. Zikijumlishwa zilikuwa zimeipita bei ya kwanza ya yule bwana mrefu, pamoja na hewa ya chini ya meza, na bado zingebaki za kumpa bahashishi. Siku nyingine hesabu hiyo ingemuua. Siku ile aliitazama ikapita. Alikuwa anawaza lile neno, karibu. Alijaribu kusikia sauti ya mkewe ikimwambia karibu, keti, naye amesimama kizingitini anakunja kofia. Alimpenda mwanamke yule. Miaka yote hakuwahi kulisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, lakini alimpenda vibaya sana.

Ijumaa kutwa alijaribu kulibomoa. Bisibisi ikateleza, patasi ikakatika mpini. Gundi ya Punguza ilikuwa gundi kweli, wateja walimsifia kwa hiyo tangu ujana wake. Alivuta mguu wa meza mpaka akaanguka chali, na mguu ukabaki ulipo.

Jumamosi asubuhi akasikia kelele uani. Lori kubwa lilikuwa linapakia vyombo vya familia ya jengo la pili, na msimamizi wake, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kutosha watu watatu, alikuwa anawafokea wabebaji kuhusu jokofu. Punguza akamuuliza dereva wanakwenda wapi. Dereva akautaja mji ule ule.

Akaruka ngazi kumfuata msimamizi. "Bwana mkubwa, nina mzigo wangu wa huko huko."

"Lori limejaa. Mzigo gani?"

"Njoo uone."

Msimamizi akapanda mpaka juu akihema. Aliufungua mlango akasimama. Akalitazama lile dude kutoka chini hadi juu, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akanyoosha mkono akaupapasa mshono.

"Kazi safi," akasema. "Ni nini?"

"Nyumba yangu."

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi."

Kinyozi, aliyekuwa anakunywa chai kwenye kopo la gundi lililooshwa, akaitikia kwa kichwa kuthibitisha. Msimamizi akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, akajiegemeza ukutani, akafuta macho. Alipopata pumzi akawa mtu wa kazi tena. "Hili linakatwa kwa msumeno, hapa, hapa na hapa, halafu huko linaungwa upya. Naweza kuleta watu wiki ijayo. Nitakupigia hesabu. Kuna kukata, kuna kushusha, kuna..."

Kinyozi akaweka kopo chini. Alikuwa anangoja lile neno la siku zote. Hata kuta za nyumba ile zilikuwa zimelizoea, zingeweza kulisema zenyewe. Na Punguza alikuwa nalo mdomoni, kinyozi aliona midomo inajikusanya kulitoa.

"Na mtu?" akauliza Punguza.

"Mtu gani?"

"Mimi. Leo hii. Kwenye lori lako."

"Mtu anakaa mbele na dereva. Mtu hatumtozi."

Punguza akamtupia shemeji yake ufunguo. Akamwambia msimamizi, "Wiki ijayo, njooni mkate," na akaanza kushuka ngazi na shati lile lile alilokuwa nalo.

"Mzee, sijakutajia bei!" akapaza sauti msimamizi.

"Utamtajia shemeji!"

"Mimi?" kinyozi akaropoka. "Shemeji! Shemeji, rudi! Mimi sijui kupunguza!"

Hakurudi. Alikwisha kupanda mbele, magoti yamegusa dashibodi, kapewa taa ya mezani ya watu wengine aipakate. Lori lilikwenda kwa mwendo wa kuudhi. Lilisimama kupoza injini, lilisimama kufunga turubai, lilisimama dereva ale, na dereva alitafuna kila tonge kama analihoji. Punguza aliitazama saa ya dashibodi, ambayo ilikuwa mbovu, akalitazama jua, ambalo halikuwa bovu, na alikuwa anatoka jasho.

Walimteremsha kwenye kona ya kituo cha afya jua likiwa linazama. Akakimbia. Mtu wa umri ule, mwenye vumbi kutoka kwenye nywele hadi viatuni, akakimbia, na wagonjwa wawili waliokuwa nje wakampisha wakidhani mkewe yuko leba.

Mlango wa ile nyumba ndogo ulikuwa wazi. Mkunga alikuwa amesimama kizingitini na fagio, nguo yake ya kazi ameikunja mikono, anamtazama anavyokuja. Hakutabasamu, wala hakukunja uso. Punguza akasimama mbele yake akihema, anangoja lile neno, karibu.

Mkewe akatazama nyuma yake, barabarani. "Vyombo viko wapi?"

"Vinakuja wiki ijayo."

"Kwa kampuni ipi?"

"Simjui jina. Mtu mfupi."

"Kwa bei gani?"

"Sikuuliza."

Mkunga akashusha fagio. Akamsogelea, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kama anavyofanya kwa wagonjwa wake, akakiacha pale kwa muda. "Hujaumwa njiani?"

"Sijaumwa."

"Hukuuliza bei."

"Sikuuliza, mke wangu. Nimekuja."

Kiganja kilikuwa bado kwenye paji la uso wake. Mkunga akakiondoa, akageuza uso upande, akajifuta kwa bega haraka haraka. Kisha akamtazama tena, kutoka nywele hadi chini, na macho yake yakafika miguuni.

"Na hapo umesimama unangoja nini na viatu vya vumbi namna hiyo?" akafoka. "Vua! Nimetoka kupiga deki sasa hivi, huoni? Kila siku nasema mimi, kila siku, kwani huwa unasikia?"

Punguza akainama kufungua kamba za viatu. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya viatu yanachimba vumbi, na mkewe juu yake alikuwa anaendelea kumgombeza.